Upepo wa Mgao

Watu wa siku hizi wanaingia kituo cha mafuta, wanamwambia yule wa pampu "nitilie upepo," kisha wanakaa ndani ya gari wanatazama mbele. Hawashuki. Hawaulizi pauni ngapi. Tairi za mbele na za nyuma wanazitia sawa, gari tupu na gari iliyopakia watu sita wanazitia sawa. Nikiwaona hasira zinanipanda, na wenzangu wa kibarazani wananicheka, wanasema mzee huyu anagombana hata na upepo. Mimi sigombani na upepo. Nimegombana na mtu mmoja, na mtu huyo mpaka leo hatuamkiani.

Niseme kwanza mimi ni nani, ili mtu asije akadhani nimeyasikia mitaani. Skuli nilikaa darasa mbili tu. Baba yangu alikuja kutoka bara akawa mchukuzi bandarini, tukaishi Ng'ambo kwenye nyumba ya udongo. Nilianza kazi kuwa utingo wa gari la shamba, lile la bodi ya mbao, abiria kwenye mabenchi, mizigo juu ya paa. Nimepanda na kushuka paa lile mvua na jua. Pancha zote nilikuwa nikiziziba mimi, na upepo nikiujaza mimi kwa pampu ya mguu, mpaka goti likalia. Hakuna aliyenifundisha gari. Niliiba kwa macho. Baada ya Mapinduzi, mtu mmoja aliyekuwa akihama aliniuzia gari yake ndogo, ya milango miwili, injini mbele, msukumo nyuma. Nikawa napakia abiria Darajani kwenda Kiembe Samaki, Tunguu na kwengineko, kwa jasho langu. Sikumwamkia mtu ili anipe.

Sasa mwanzoni mwa miaka ya sabini tairi zikawa shida. Kila kitu kilikuwa shida, lakini mchele ukikosekana utakula muhogo. Tairi ikikosekana utaendesha nini? Ulipeleka ombi lako, ukaambiwa ngoja, ukangoja. Mbili za nyuma kwenye gari yangu zilikuwa hazina nakshi tena, zinang'aa kama kipara, na mojawapo nilikuwa nimeitia ndani kipande cha tairi kuukuu ili tyubu isichungulie nje. Nikilala, nnaota mlio wa kupasuka. Nikiamka, nazipapasa kabla sijanawa uso.

Ndipo kamati ya michezo ya mtaa wetu ikatangaza mashindano ya mapipa, Idi pili, kwenye uwanja wa wazi kule Kiembe Samaki. Mchezo huu zamani ulikuwa wa wakubwa wa kikoloni na magari yao. Wanapanga mapipa matupu uwanjani, mtu mmoja mmoja anakwenda na gari yake, anayazunguka kwa njia iliyochorwa kwa chokaa, na mtu ana saa ya kupimia mbio. Ukiangusha pipa unaongezewa muda. Haraka tu na akili, hakuna kugongana. Wakubwa waliondoka, mapipa yakabaki, na sisi madereva wa abiria tukaona hata sisi tuna mikono. Na zawadi ya mwaka ule, ikasemwa, ni tairi mbili mpya, za saizi ya gari ndogo.

Tairi mbili! Saizi yangu! Sikulala siku ile.

Mke wangu akaniambia, "Bwana, unakwenda kushindania tairi kwa tairi mbovu? Zikikupasukia huko je?"

"Zisipopasuka huko zitapasuka Tunguu na watu ndani."

"Basi mimi simo," akasema. Lakini asubuhi ya Idi pili alinifungia mikate ya ufuta kwenye kitambaa.

Nilikwenda mapema kabla ya watu. Nilikuwa nimechukua chokaa kidogo iliyobaki kwa watu waliokuwa wakipaka nyumba kwa ajili ya Idi, nikaikoroga na maji kwenye kopo. Kazi yake ni hii. Unapaka chokaa kwenye bega la tairi, pale uso unaokanyaga chini unapokutana na ubavu. Unazunguka mapipa mawili matatu kwa kasi, unasimama, unashuka kutazama. Chokaa ikiwa imefutika mpaka ubavuni, tairi inalala ukikata kona, upepo mdogo. Chokaa ikiwa imebaki yote, tairi imesimama kwa katikati yake tu, upepo mwingi, gari itarukaruka juu ya changarawe kama mbuzi. Unataka chokaa iliwe mpaka ukingoni, isipite hapo. Na za mbele si sawa na za nyuma. Gari yangu injini ilikuwa mbele, uzito mbele, nikiikata kona pua inakataa, inataka kwenda moja kwa moja. Kwa hiyo mbele nikazidisha, nikafika pauni ishirini na nane. Nyuma nikapunguza mpaka ishirini na mbili, zikumbatie ile changarawe. Chini ya hapo sikuthubutu. Tairi yenye tyubu ukiipunguza sana inateleza juu ya rimu, tyubu inavutika, ule ulimi wake wa kutilia upepo unakatika kama ukucha. Na tyubu nazo madukani hazikuwepo.

Nimeinama napaka, nikasikia viatu. Alikuwa mzee mmoja wa kituoni kwetu Darajani, dereva wa gari kubwa, ndefu kama jahazi, ile iliyokuwa ikikodiwa na kila harusi ya mjini.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Unazipaka hina tairi hizo?"

"Chokaa, ami."

"Bwana harusi anatoka wapi?"

"Ukinishinda leo nakuoza wewe."

Akacheka mpaka akakohoa. Yeye geji hakuwa nayo wala hakuitaka. Alikuwa akigonga tairi kwa spana na kusikiliza, kama mtu anayechagua fenesi sokoni. Alizipenda ngumu. Gari ile nzito, lazima. Nilipompimia kwa geji yangu mbele ilisoma thelathini na sita, nyuma thelathini na nne. Nikamwambia apunguze kidogo nyuma. Akaniambia, "Mwanangu, hizo tairi zako laini kama mapaja peleka kwako." Tukabishana hivyo asubuhi yote, mimi na kopo langu, yeye na spana yake, na haki ya Mungu sijapata asubuhi nzuri kama ile.

Mashindano yakaanza. Madereva kumi na kitu. Wengi walikuja na upepo waliotoka nao nyumbani, kwa sababu katika kisiwa hiki dereva anaamini tairi iliyovimba ndiyo yenye nguvu, tumezoea mizigo. Wakarukaruka pale, mapipa yakawa yanaanguka kama walevi, watu wanapiga mbinja. Mimi nikapita bila kugusa kitu. Mzee naye akapita, na ile meli yake ikageuka kati ya mapipa mpaka wanawake wakapiga vigelegele. Kabla ya adhuhuri tukabaki wawili, mimi na yeye. Fainali itakuwa baada ya alasiri.

Hapo ndipo maneno yakaanza. Walioshindwa wakakusanyika kivulini. Mmoja akasema tumewashinda kwa upepo, si kwa kuendesha. Mwengine akasema aliniona napaka dawa tairi. Dawa! Chokaa ya ukutani! Wakamwendea mwenyekiti wa kamati.

Mwenyekiti huyu, ndiye nisiyeamkiana naye mpaka leo, gari alikuwa hajui, hata ya kusukuma. Kazi yake ilikuwa kusimamia duka la mgao mtaani kwetu. Yeye ndiye aliyesimama na mizani, watu foleni, akitoa mchele na sukari, na kwa kweli pale dukani hakuonea mtu. Alipima mpaka punje. Watu walimheshimu kwa hilo na mimi nilimheshimu. Ubaya wake alidhani kila kitu duniani kinaingia kwenye mizani ile.

Baada ya sala akaja na pampu, na geji, na dereva wa gari ya kamati nyuma yake. Akapanda juu ya pipa.

"Ndugu zangu," akasema, "hapa pamekuwa na malalamiko. Wako watu wana upepo wao wa siri. Siku hizo zimekwisha. Fainali hii, kila gari na kila tairi itapata upepo mmoja. Pauni ishirini na nne."

Watu wakapiga makofi. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Ndugu mwenyekiti," nikasema, "kwa nini ishirini na nne?"

"Ndiyo ya gari ya kamati."

"Lakini gari ya kamati haimo!"

"Ndiyo maana haina upendeleo."

Nikamwonesha gari ya mzee. Nikamwambia, "Tazama hii. Tazama na hii yangu. Hii ukiegemea inayumba, ile watu wanne hawaisukumi. Punda na ngamia utawafunga tandiko moja?"

"Punda na ngamia," akasema, "hayo maneno ya kikabaila. Sisi hapa hatuna mkubwa na mdogo."

"Sisemi watu, nasema gari!"

"Gari zinaendeshwa na nani?"

Watu wakacheka. Nikamwambia kwamba mchele ni tumbo na tairi ni uzito, kwamba huwezi kugawa upepo kwa kichwa, kwamba gari ile ikikatwa kona na pauni ishirini na nne tairi yake ya mbele italala na kuvuka rimu, na itakwenda zake, na hana nyengine, na hakuna pa kuipata. Nilisema kwa sauti ambayo walioko uwanja wa ndege waliisikia. Akanijibu taratibu, kama anamjibu mama anayelilia kilo ya pili ya sukari:

"Asiyetaka hakulazimishwa. Atakayejitoa, mwenzake ashinde."

Na hapo akanitega. Nikijitoa, tairi zimekwenda. Mzee akijitoa, nimeshinda bila kugeuza gurudumu, na watu wataisema hadithi hiyo mpaka kaburini.

Wakapima. Mimi wakanipunguzia mbele, wakaniongezea nyuma, kinyume na kila kitu nilichokitafuta asubuhi. Kwa mzee wakafungua upepo ukawa unalia fiii, fiii, na gari inashuka, inashuka, mpaka tairi za mbele zikakaa kama mkate wa kumimina uliokosa hamira. Yeye akasimama na spana mkononi. Hakugonga. Kulikuwa na nini cha kusikiliza?

Nikamvuta kando. "Ami, usiende. Nakuomba. Nenda polepole basi, lizunguke pipa kama unamzungusha bibi harusi."

"Polepole? Watu wote hawa wamekuja kuniona mimi nikienda polepole?"

"Hizi hazitakubeba."

"Wewe unakwenda?"

"Nakwenda."

"Basi nipishe."

Akaenda. Pipa la kwanza gari ikalala ubavu kama inataka kunywa maji. La pili, nikaona chini ya tairi ya kushoto ubavu wenyewe unakanyaga chini, siyo uso. La tatu alikata kulia. Sikusikia mshindo mkubwa niliokuwa naungojea. Nilisikia kitu kama mtu anapasua doti la kanga, kisha rimu ikachimba ardhi, kisha kimya. Gari ikasimama imepiga goti. Tairi ilikuwa imetoka, rimu imeipasua ubavu kutoka huku mpaka huku, na tyubu ulimi wake umeng'oka wote.

Mzee akashuka, akaitazama. Akavua kofia, akaivaa tena.

Mwenyekiti akaja na geji yake. Akasema, Mungu anisamehe nikirudia, "Upepo ulikuwa sawasawa. Hapa hakuna wa kulaumiwa."

Ningempiga. Walinishika. Mmoja akaniambia sikioni, "Zamu yako, bwana, nenda, nenda." Nikaenda. Nilikwenda kwa hasira lakini mikono yangu ilikuwa na akili kuliko mimi. Pua ikakataa kona nikaibembeleza, nikafunga breki mapema, nikaiachia nyuma iteleze ndiyo inigeuze. Kila nilipoteleza niliisikia ile tairi yenye kipande ndani ikigugumia, na roho yangu nayo. Nikamaliza. Hovyo, lakini nikamaliza. Nikashinda.

Haya. Tairi mbili zikaletwa, bado zina karatasi, nyeusi, zinanuka upya ule. Nimeshanyoosha mikono. Mwenyekiti akapanda pipa.

"Kamati imeona," akasema, "fainali ilikuwa na watu wawili, na tairi ziko mbili. Na mzee wetu amepata ajali. Si haki mmoja aondoke na mbili na mwengine aondoke mikono mitupu. Kwa hiyo kila mmoja moja."

Makofi tena. Ah, walipiga makofi yale!

Tairi saizi ya gari ndogo akapewa mzee wa gari kubwa. Ungeweza kuiingiza ndani ya tairi yake kama sahani ndani ya sinia. Mzee akaishika, akaigeuza huku na huku, akanitazama, akasema, "Chukua, mwanangu. Kwangu haiingii."

Sijaigusa, mwenyekiti akaruka chini. "La! Zawadi haihamishwi. Leo utampa, kesho utamuuzia, huo ndio mwanzo wa ulanguzi. Hiyo ni haki yako, mzee."

"Haki yangu nitaitia wapi?"

"Itakaa ofisini mpaka utakapopata matumizi."

Wakaichukua, wakaifungia. Mimi nikarudi nyumbani na tairi moja mpya. Na dereva atakwambia, moja mpya na moja kipara kwenye mhimili mmoja wa nyuma ni balaa. Mvua ikinyesha moja inashika na moja inakimbia. Mzee gari yake ikabururwa mpaka nyumbani kwake Amani, ikawekwa juu ya mawe. Aliyekuwa akipeleka harusi za mji mzima akawa anakwenda msikitini kwa miguu.

Siku chache baadaye akaja kwangu baada ya alfajiri. "Vaa," akasema. "Nshapata matumizi."

Tukaenda ofisini pamoja. Mwenyekiti alikuwa ndio kwanza anafungua.

"Nimefuata tairi yangu," mzee akasema.

"Utaitia wapi?"

"Shingoni."

"Mzee, mimi nakuuliza kwa wema."

"Na mimi nakujibu kwa wema. Ulisema ni haki yangu. Mchele ukishampa mtu, unamfuata jikoni kumtazama anavyoupika?"

Mwenyekiti akanitazama mimi. Nikamtazama. Nilikuwa nimeapa nyumbani kwamba sitafungua mdomo, na sikufungua, lakini alivyonitazama alijua nini kimo ndani. Akaitoa. Mzee akaiviringisha barabarani kwa mkono wake mwenyewe, kanzu ameikunja, mimi nyuma yake, watu wanatoka milangoni wanauliza kuna nini.

Tulipofika kwangu nikaingiza jeki. Akanizuia.

"Ngoja kwanza. Sikuuzii, nisije nikawa mlanguzi. Na sikupi, maana mimi nimelala njaa. Gari hii ina tairi ngapi?"

"Nne, ami."

"Moja yangu. Basi mimi ni mwenye robo. Nitaendesha asubuhi mpaka adhuhuri, wewe alasiri na usiku."

"Robo ya kazi ya siku si asubuhi nzima!"

"Mimi mzee. Robo yangu kubwa."

Ningefanya nini? Nilikasirika, nikakubali. Gari niliyoinunua kwa goti langu nikaigawa na mtu mwengine, kwa sababu ya mpumbavu mmoja juu ya pipa. Na ombi la tairi la yule mzee liliendelea kungojea jawabu, masika yakapita, vuli ikapita, gari yake juu ya mawe ikaota kutu.

Lakini kilichonimaliza mimi ni upepo. Kila adhuhuri akinirudishia gari nilizikuta tairi zimevimba kama zinataka kuzaa. Alikuwa akizijaza kwa pampu yangu mwenyewe, akizigonga kwa spana mpaka zilie anavyopenda yeye.

"Ami, nani kakuambia utie upepo huu? Gari hii nyepesi!"

"Ile ya nyuma kushoto ni yangu, natia nnachotaka."

"Na hizi tatu?"

"Hizo nimezisaidia tu."

"Mimi sikuomba msaada!"

"Marahaba."

"Sijakuamkia!"

Abiria wameshakaa ndani, kuna bibi mmoja ana kapu la samaki mapajani. Akatoa kichwa dirishani. "Jamani, samaki hawa wananuka. Mtabishana mpaka magharibi?"

Nikachuchumaa, nikazifungua moja moja, nikazipima kwa geji. Tatu nikazishusha mpaka pale ninapotaka mimi. Ya nne sikuigusa, ilikuwa yake. Gari ikavuta kulia njia nzima mpaka Tunguu, na mimi nikatukana njia nzima mpaka Tunguu, na bibi wa samaki akaniambia nimche Mungu.